Umeuliza majuto mawili, umetaja matatu

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47, naishi Mbagala, nafundisha Kiswahili darasa la sita. Mwaka 2010 niliuza kiwanja changu cha Kibada, Kigamboni, ili nimlipie mdogo wangu ada ya chuo. Leo kila nikipita darajani nikikumbuka bei za viwanja vya kule najiona mjinga. Hilo ningelivumilia, lakini kuna la mama. Mei 2019 alinipigia simu kutoka Korogwe akasema, 'Njoo nikuone.' Nikamwambia nitakuja Juni, shule zikifungwa. Akajibu, 'Haya mwanangu.' Siku kumi na moja baadaye akafariki kwa presha. Tangu hapo naamka saa tisa usiku nasikia ile 'haya mwanangu'. Mke wangu ananiambia yaliyopita si ndwele. Ustadhi wa msikitini kwetu amenionya niache kusema 'lau', ni mlango wa shetani. Nimejaribu kusahau nimeshindwa. Mengine nyumbani yako sawa, isipokuwa kijana wangu mkubwa tuligombana alipokataa kwenda chuo cha ualimu. Yuko Morogoro anaendesha bodaboda, mwaka wa pili huu hatuongei, ila hilo litakaa sawa akikua. Naomba unisaidie: nifanye nini niache kujuta?"

Marahaba, mwalimu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Msibani ulipewa pole nyingi, lakini sidhani kama kuna aliyekupa pole ya ile "haya mwanangu", maana huenda hukumwambia mtu. Basi ipokee kwangu.

Umeniomba nikusaidie uache kujuta. Hilo siliwezi, na kusema kweli hata ningeliweza nisingekufanyia. Wapo watu wasiojuta kabisa, na hali yao si ya kutamani. Mwaka 2004 watafiti nchini Ufaransa walichapisha kazi iliyowalinganisha watu wenye afya na wagonjwa walioumia sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, juu tu ya macho. Walichezeshwa kamari ya kuchagua gurudumu moja kati ya mawili. Mtu akishachagua alionyeshwa alichopata, na mara nyingine akaonyeshwa pia kile ambacho angepata kwenye gurudumu aliloliacha. Wenye afya waliumia walipoona wameacha kikubwa, na mchezo ulivyoendelea wakawa wanachagua kwa uangalifu zaidi. Wagonjwa walifurahi wakipata na walisikitika wakikosa, lakini gurudumu waliloliacha halikuwagusa hata kidogo. Wakaendelea kuchagua ovyo na kupoteza. Yale maumivu waliyoyakosa ndiyo yaliyokuwa yakiwafundisha wenzao.

Kwa hiyo tusianze kwa kuyafukuza majuto yako. Tuyaulize kwanza yamekuja kusema nini.

Wewe unafundisha Kiswahili, basi niazime ubao wako. Unawaandikia watoto -nge- na -ngali- na kuwaonya wasizichanganye. Vitabu vya shule vinasema -nge- ni ya jambo ambalo bado laweza kuwa sharti likitimia: ningempigia, angepokea. Nayo -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umekwisha: ningalikwenda, ningalimkuta. Mitaani tunazichanganya wote, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini majuto yanajengwa kwa viambishi hivyo hivyo. Mtu huchukua jambo lilivyotokea, akabadilisha kitu kimoja tu, kisha akaitazama sinema hiyo ya pili akiilinganisha na ile ya kwanza. Mtoto wa miaka miwili hulia akikosa kitu, ila hajuti, kwa sababu bado hajaweza kutunga maisha ambayo hayakuwa. Wewe unaweza, tena usiku unayatunga vizuri mno. Na ubaya wa saa tisa ya usiku ni kwamba kila -nge- hugeuka kuwa -ngali-; kila mlango huonekana umeshafungwa. Tukae mchana tuipitie mmoja mmoja.

Kiwanja ndicho chepesi. Unajiona mjinga kwa sababu unautazama mwaka 2010 ukiwa umesimama juu ya daraja lililofunguliwa Aprili 2016. Shuka kidogo. Mwaka 2010 ujenzi wa daraja hilo ulikuwa haujaanza. Mtu wa Kibada alikwenda mjini kwa pantoni au akazunguka Kongowe. Mpango wa mji mpya wa Kigamboni uliotangazwa mwaka 2008 ulikuwa umewaacha wenye viwanja hawajui kama watabaki, watalipwa fidia au watahamishwa. Wapo waliouza kwa hofu tupu. Wewe uliuza kwa sababu mdogo wako alikuwa na nafasi ya chuo mkononi na ada hana.

Akili zetu zina tabia hii: zikishajua mwisho wa hadithi, hudai ziliujua tangu mwanzo. Kabla Rais Nixon wa Marekani hajafanya ziara zake za China na Muungano wa Kisovyeti mwaka 1972, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwataka wanafunzi nchini Israel wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa kutokea katika ziara hizo. Baadaye wakawauliza: mnakumbuka mlikadiria vipi? Kwa mambo yaliyokuja kutokea kweli, wengi walikumbuka kuwa waliyapa uwezekano mkubwa kuliko ule waliouandika wenyewe. Hawakuwa wakisema uongo. Nawe husemi uongo ukijiambia ulipaswa kujua bei itapanda. Ila hukujua, na mimi sikujua, na aliyenunua kiwanja chako naye alibahatisha. Halafu, mdogo wako siku hizi anafanya kazi gani? Umenieleza habari za bei ukanyamaza kuhusu kile ambacho fedha zile zilinunua. Kiwanja umekiweka kwenye mzani, sahani ya pili umeiacha tupu.

La mama ni zito, nami sitalikimbiza. Naona kuna vitu vitatu vinavyokujia usiku vikiwa vimefungwa kwenye kanga moja. Kuna majonzi: mama hayupo na unamkosa. Hayo hayana mkosaji. Kuna hatia: ulitenda au hukutenda jambo, likamgusa mtu mwingine. Na kuna majuto yenyewe, ile hamu ya kurudi nyuma ukachague tofauti. Mtu anaweza kuwa na majonzi makubwa na majuto makubwa juu ya hatia ndogo sana. Nadhani wewe unayabeba yote kwa jina la hatia, ndiyo maana mzigo haupungui. Huwezi kuomba msamaha kwa sababu unamkosa mama yako.

Sitakuambia huna kosa lolote, maana hutaniamini. Uliahirisha. Alisema njoo, wewe ukampa mwezi. Kipande hicho ni chako, lakini kipokee kwa ukubwa wake halisi. Mwalimu ana vipindi, nauli ya Korogwe hupangwa, na kwa ulivyoniandikia mama hakusema anaumwa. Angesema hivyo, usingengoja Juni, na hilo unalijua. Wewe uliahirisha safari. Yule mtu aliyekataa kumuaga mama yake yumo kwenye sinema ya saa tisa tu, kwingine sijamwona. Na ile "haya mwanangu" umeisikia kama lawama kwa sababu unajua kilichofuata. Mama wa mwalimu anajua shule hufungwa lini. Huenda ilikuwa "haya" kama haya nyingine zote alizowahi kukujibu.

Kwa nini basi inauma kupita kiasi? Mwaka 1982 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliwapa watu kisa cha wasafiri wawili waliokwama kwenye foleni moja, wakafika uwanja wa ndege wamechelewa nusu saa. Mmoja anaambiwa ndege yake iliondoka kwa wakati. Mwenzake anaambiwa ya kwake ilicheleweshwa, imeruka dakika tano zilizopita. Yupi ataumia zaidi? Watu 96 kati ya 100 walisema yule wa dakika tano. Ukitazama, hakuna alichokosea kuliko mwenzake: foleni ni ile ile, kuchelewa ni kule kule, na wote wamebaki. Tofauti ni ukaribu tu. Mama alifariki na Juni iko mlangoni. Kama ungemwambia utakwenda Desemba, ungekuwa umeahirisha zaidi, na bado nadhani ungeumia kidogo kuliko unavyoumia sasa. Kwa hiyo usiyatumie maumivu kupimia kosa. Kipimo hicho kinasoma kitu kingine.

Kuna na jambo la pili. Thomas Gilovich na Victoria Medvec wa Chuo Kikuu cha Cornell waliandika mwaka 1994 kwamba kwa mambo ya juzi watu huumizwa zaidi na yale waliyoyafanya, lakini wakiyatazama maisha yao yote, yanayowakaa rohoni ni yale ambayo hawakuyafanya. Ukifikiri, ni rahisi kuona sababu. Kiwanja kiliuzwa, fedha zikahesabiwa, ada ikalipwa: kisa kina mwisho. Safari ambayo hukwenda haina mwisho. Kila usiku unaiongezea kitu. Mmekaa barazani, amekupikia, amekushika mkono, amekuachia wosia. Safari ya kweli pengine ingekuwa ya siku mbili, wewe unasahihisha madaftari, yeye analalamika umekonda.

Sasa turudi kwa mkeo na ustadhi. Wote wanakutakia mema, na kila mmoja amekufikishia nusu. Methali ya mkeo ina kipande cha pili: tugange yajayo. Na anayeganga hawezi kuganga bila kuuliza panauma wapi. Kuhusu "lau", mimi si mwanachuoni, mrudie ustadhi mwenyewe akueleze vizuri. Lakini ninavyoifahamu hadithi ile ya Mtume, kabla ya kufika kwenye "lau" inamhimiza mtu akazanie lenye kumnufaisha, amwombe Mungu msaada, asilegee. Na katika masharti ya toba mnayofundishana, kujuta ni mojawapo. Sijaona mahali ambapo hata mmoja wao amekuagiza usahau. Kusahau umejipangia mwenyewe, kwa uchovu. Kwa mama bado kuna mengi unayoyajua kuliko mimi: dua, sadaka, kuwaunga watu wake. Kama ana shoga yake Korogwe ambaye bado yu hai, nenda ukamwone, hata kama huna la kumwambia. Mwache yeye azungumze.

Nimeufikia mstari ambao uliuandika kama mtu anayefunga bahasha. "Hilo litakaa sawa akikua." Usome kwa sauti, kisha usome na ule wa "nitakuja shule zikifungwa". Wewe ni mwalimu wa lugha, unasikia. Mote mna mtu unayempenda anayeambiwa asubiri kalenda.

Umeniuliza kuhusu kiwanja na mama, vyote viwili vya -ngali-, ukampita kijana ambaye bado yuko kwenye -nge-. Ningempigia, angepokea. Sentensi hiyo ungali na haki ya kuiandika ubaoni. Nimesoma barua moja tu na naweza kuwa nimekosea, lakini nadhani sehemu ya kelele zinazokuamsha haitoki Korogwe. Inatoka Morogoro. La mama linarudi na kurudi kwa sababu somo lake bado halijafanyiwa kazi mahali panapowezekana.

Utafanyaje? Ndugu watakushauri umtume shangazi yake au mzee wa ukoo. Ni desturi nzuri, na kwa ugomvi wa mali au wa ndoa ningekubali mara moja. Kwa baba na mwana aliyekataa kazi ya baba yake nina wasiwasi, maana mara nyingi kikao hugeuka baraza: kijana anawekwa katikati, anaambiwa amwombe baba radhi, anaomba, na hamumwoni tena mpaka msiba. Kumtokea kijiweni bila taarifa, mbele ya madereva wenzake, utamfedhehesha hata kama umekwenda kwa mapenzi. Ujumbe wa simu ni salama lakini hauna sauti, na kati yenu nadhani kilichokosekana ni sauti. Mimi ningempigia mwenyewe, saa ambayo abiria ni wachache.

Usianze na chuo. Ualimu usiutaje kabisa. Tena nakusihi usimtumie bibi yake: "bibi yako alikufa sijamwona, nawe unataka tufike huko?" Ni kweli tupu, ila ukiitamka hivyo umeshaigeuza fimbo. Mwambie umemkumbuka. Kama siku ile ulisema maneno yaliyopita mpaka, yataje kwa jina, sema ulikosea, na usiweke "lakini" nyuma yake. Muulize pikipiki ni yake au ya mkataba, anapeleka hesabu kiasi gani kwa siku, amepanga wapi. Hayo ndiyo maisha yake sasa, na huyajui. Anaweza kukukatia simu. Anaweza kukurudishia maneno yako mwenyewe ya mwaka juzi, ukayatambua. Ikitokea hivyo utajuta umepiga, siku mbili tatu zitakuwa chungu. Lakini hayo ni majuto ya kitu kilichofanyika, yenye mwanzo na mwisho. Mwandikie ujumbe mmoja mfupi kwamba simu yako iko wazi, umwache apumue, umpigie tena baada ya wiki kadhaa.

Kwa zile saa tisa: usibishane na majuto kitandani, huko yanakushinda. Ukiona usingizi umegoma, inuka, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, simu iache, urudi kitandani ukianza kusinzia. Kazi ya kuwaza ihamishie mchana, kwenye daftari. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti uliowataka wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowahi kuwaumiza. Waliojieleza kwa undani walijisikia vibaya zaidi siku zile zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache kuliko walioandika habari za kawaida tu. Nakutajia ile sehemu ya kujisikia vibaya makusudi, ili usiogope ikikupata. Nawe andika alasiri, na andika kama unamwandikia mwalimu mwenzako wa ofisini ambaye haya yote yamempata yeye. Najua utaona ni kujidekeza. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba bila kiboko mtoto hajifunzi, tukakihamishia kiboko hicho kichwani mwetu. Jia Wei Zhang na Serena Chen, watafiti wa California, waliliangalia suala hili mwaka 2016 wakakuta kinyume: wanaoyatazama majuto yao kwa huruma ndio wanaojirekebisha zaidi, kwa kuwa wanaweza kulitazama kosa bila kulikimbia.

Kuna jambo ambalo barua hii haiwezi kulimaliza. Tangu 2019 kuamka usiku ni muda mrefu mno. Ainisho la magonjwa la Shirika la Afya Duniani lililoanza kutumika Januari 2022 linatambua majonzi yaliyoganda: yale yanayodumu kwa ukali zaidi ya miezi sita, yakapita kiasi ambacho dini na mila za mtu zinatarajia, yakamzuia kuishi. Pia kuamka alfajiri ya mapema na kushindwa kulala tena ni dalili mojawapo ya sonona. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku moyo umekuwa mzito, vitu ulivyovipenda havikuvutii, chakula hakipiti au darasani akili haitulii, usiendelee kujitibu kwa ushauri wa kwenye karatasi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Temeke au Muhimbili, uulizie huduma ya afya ya akili. Kwenda huko hakukufanyi kichaa. Wengi utakaowakuta kwenye benchi ni watu wa kazi kama wewe. Na ukiwa huko upimwe presha. Mama alikuwa nayo, wewe una miaka 47 na hulali. Kama yamewahi kukujia mawazo ya kutaka kufa au kumfuata mama, hapo si suala la kupanga ratiba: mwambie mkeo leo, mwende hospitali yoyote leo leo.

Niandikie ukishampigia kijana, hata kama hakupokea. Na katika barua hiyo unijibu na lile swali uliloliruka, mdogo wako alisomea nini na yuko wapi.